Utambi Unapowaka Bila Mafuta

Ndugu wasikilizaji, nanyi ndugu wasomaji mnaoyapata mazungumzo haya gazetini, juma hili napenda tuzungumzie jambo lisilo na kelele. Si mafuriko wala si ajali ya basi. Ni mtumishi anayefunga mizigo yake alfajiri, barua ya uhamisho mfukoni, akapanda gari la kwanza na kuondoka kijijini bila kugombana na mtu yeyote.

Miezi michache iliyopita nilikwenda Masieda, wilayani Mbulu, mkoani Manyara, kumzika rafiki yangu wa siku nyingi. Baada ya mazishi tuliketi na wazee, na maneno yakawa mengi: mvua, bei ya mahindi, barabara, watoto walioko mjini. Ndipo mzee mmoja aliponigeukia.

“Ndugu mtangazaji,” akasema, “sisi watu wa vijijini tumekuwa stendi. Mwalimu anashuka, anapumzika kidogo, anapanda gari jingine. Nesi naye vivyo hivyo. Hatujamfukuza mtu, hatujamroga mtu. Wewe unayezungumza kila juma, tuambie: tumewakosea nini?”

Wazee wakanyamaza kunisikiliza, nami sikuwa na jibu. Nilisema maneno ya kawaida kuhusu mishahara na umbali, wakanikubalia kwa adabu, lakini niliona wazi kwamba sikuwa nimejibu. Njiani nikirudi ndipo nilipokumbuka jambo ambalo sijawahi kulisema redioni. Mimi nami niliwahi kuwa abiria huyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa askari, na kazi yangu ilikuwa mawasiliano. Kambi sitaitaja. Tulikuwa na simu ya upepo, betri za gari, jenereta moja lenye kiburi, na daftari kubwa la kuandikia kila ujumbe ulioingia na uliotoka. Nilikuwa msimamizi wa chumba kile, na chini yangu alikuwapo kijana mmoja tu. Amri ilikuwa kwamba chumba kisikose mtu, mchana wala usiku.

Mwaka wa kwanza niliipenda kazi ile kupita kiasi. Habari zote za kambi zilipita mkononi mwangu, nami nilijiona mtu muhimu. Mwaka wa pili nilianza kuisikia sauti ya redio hata nikiwa usingizini. Nilimkemea kijana wangu kwa makosa madogo. Chakula hakikuwa na ladha. Kisha usiku mmoja ukaingia ujumbe kwamba mama wa askari mwenzetu amefariki. Niliuandika kama nilivyoandika ujumbe wa mapipa ya dizeli: saa, tarehe, namba. Nikauweka kwenye trei ya karatasi za asubuhi, nikaendelea na ujumbe uliofuata. Yule askari alilala umbali wa hatua mia mbili kutoka pale nilipokaa. Aliipata habari ya mama yake kesho yake mchana, akayakosa mazishi.

Hakuna aliyeniadhibu, kwa kuwa sikuvunja amri yoyote. Lakini mimi nilijua kwamba ndani yangu kuna kitu kimezimika. Muda wangu ulipokwisha sikuomba kuongezewa. Siku ya kuondoka mkubwa wangu aliniuliza funguo ziko wapi, na daftari limefikia ukurasa gani. Hakuniuliza kwa nini naondoka.

Naam, ndugu wasikilizaji, hali hiyo ina historia yake, na wataalamu wameichunguza. Mwaka 1974 daktari wa nafsi mmoja wa New York, Herbert Freudenberger, aliandika kuhusu watu waliofanya kazi katika zahanati ya bure ya mjini humo. Walikuwa watu wa kujitolea, wenye moyo, waliowahudumia vijana waliotekwa na madawa ya kulevya. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao, akifika pale jioni baada ya kumaliza kazi zake za mchana. Aliona kwamba baada ya muda watu hao wanaanza kukasirika ovyo, kuumwa kichwa, kukosa usingizi na kuwachukia hata wale waliokuja kuwasaidia. Akalifananisha jambo hilo na kitu kilichoungua mpaka kikaisha. Sisi tuliosomea kandili tunalielewa upesi. Mafuta yakiisha taa haizimiki papo hapo. Kwa kitambo kidogo inaendelea kuwaka, lakini kinachoungua sasa ni utambi wenyewe.

Baadaye mwanasaikolojia Christina Maslach wa California akatengeneza kipimo cha hali hiyo, kilichochapishwa mwaka 1981. Alionyesha kwamba ina sura tatu. Kwanza, mtu anachoka rohoni, uchovu ambao usingizi wa usiku mmoja hauuondoi. Pili, anaanza kuwaona watu kama vitu: mgonjwa anakuwa namba, mwanafunzi anakuwa mzigo, mama aliyefiwa anakuwa mstari katika daftari. Tatu, anaona kwamba lolote analofanya halina maana. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiandika hali hiyo katika orodha yake ya kimataifa, likieleza kwamba inatokana na mikazo ya muda mrefu kazini isiyoshughulikiwa. Angalieni maneno hayo. Chanzo kinatajwa kuwa kazini. Hakutajwa uvivu, wala malezi mabaya, wala ujana wa siku hizi.

Sasa turudi Mbulu. Siku ile nilipoondoka Masieda nilisimama katika zahanati moja njiani, nayo pia sitaitaja. Nesi kijana akanipokea, akaniamkia shikamoo, akanipa kiti. Mezani kwake vilikuwa vimepangwa vitabu vya MTUHA, ule mfumo wa kuandika taarifa za huduma za afya: kitabu cha wagonjwa wa nje, cha wajawazito, cha watoto, cha uzazi wa mpango, cha wazazi, na leja ya dawa. Mgonjwa mmoja anaweza kuandikwa katika vitabu viwili au vitatu. Mwisho wa mwezi hesabu zote hujumlishwa, zikapelekwa wilayani kuingizwa katika kompyuta. Nilipovitazama vitabu vile nililikumbuka daftari langu la kambini. Huyu binti ni muuguzi, mkunga, mtunza dawa, na zaidi ya hayo ni msimamizi wa mawasiliano kama nilivyokuwa mimi.

Nikamwuliza kama amechoka. Akacheka. “Baba, wagonjwa hawajanichosha,” akasema. “Nimechoka kuwa peke yangu. Nikienda kuoga nasikiliza mlango. Nikienda kanisani naweka simu mkononi.”

Ndugu wasikilizaji, naomba tuchukue kalamu tufanye hesabu ndogo. Juma moja lina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 kuwa kikomo cha saa za kawaida za kazi kwa juma. Gawanya 168 kwa 45 utapata karibu watu wanne. Maana yake ni kwamba mahali popote panapotakiwa kuwa na mtu mmoja macho usiku na mchana, panahitaji watu wanne. Wakiwa wawili, kila mmoja anabeba saa 84. Akiwa mmoja, anazibeba zote, kwa kuwa uchungu wa mama mjamzito hausubiri saa mbili asubuhi.

Tena hapo hatujaondoa siku 28 za likizo ya mwaka zinazotajwa na sheria hiyo hiyo. Hatujaondoa siku za kuugua, za semina, wala za kwenda wilayani kupeleka taarifa au kufuata dawa. Likizo ya mtu aliye peke yake ni haki iliyoandikwa tu karatasini, maana akiichukua atafunga mlango wa zahanati, na akifunga mlango mwanakijiji ataumia. Basi anaahirisha, na mwaka ujao anaahirisha tena, mpaka siku moja anaondoka moja kwa moja. Watu wakasema, “Huyu naye hakuwa na moyo.” Moyo alikuwa nao. Mwenzake wa kumpokea zamu ndiye aliyekosekana.

Upungufu huu una historia. Katika miaka ya 1990, wakati wa mageuzi ya uchumi, serikali ilipunguza watumishi na kubana ajira mpya. Waganga na wauguzi waliobaki wakazeeka kazini bila vijana wa kuwapokea. Mwaka 2007 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, uliolenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Wananchi wakasomba mawe na mchanga, majengo yakasimama, na ilikuwa kazi njema. Lakini jengo halimzai mganga. Aprili 2017 serikali ilitangaza watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa. Sina ugomvi na hatua ile, kwani cheti cha uongo ni hatari kwa mgonjwa. Nasema tu kwamba kazi waliyokuwa wakiifanya haikuondoka pamoja nao. Ilibaki, ikagawiwa waliobaki.

Pengine mtu atasema, “Tatizo ni fedha, waongezwe mishahara, basi.” Fedha ni kweli. Mtumishi anayedai malimbikizo, au aliyecheleweshwa kupanda daraja, usimhubirie uzalendo kabla hujamlipa. Lakini fedha si jibu lote, na ushahidi wake uko hata kwa matajiri.

Jeshi la Marekani, lenye bajeti kubwa kuliko jeshi lingine lolote duniani, limehangaika miaka mingi na watu wake wanaosimamia kompyuta na mitandao ya mawasiliano. Linamfundisha kijana kwa gharama kubwa, na mkataba wake ukiisha, kampuni za kiraia zinamwita kwa mshahara mnono. Limetoa bonasi kwa wanaokubali kuongeza mkataba. Tangu mwaka 2017 jeshi lao la nchi kavu limefungua hata njia ya kuwapa uofisa moja kwa moja wataalamu wa kompyuta kutoka uraiani. Hata hivyo kazi yenyewe ina tabia ile ile niliyoijua katika chumba cha simu ya upepo. Mtandao ukifanya kazi, hakuna anayekumbuka kwamba yupo mtu anayeutunza. Ukikatika, kila mkubwa anapiga simu. Bonasi inaweza kumzuia mtu asiondoke mwaka huu, lakini haimpunguzii zamu za usiku wala haimpi shukrani. Waulizeni maafisa wa TEHAMA katika halmashauri zetu kama hawayajui haya.

Mwaka 1959 mtafiti Mmarekani Frederick Herzberg na wenzake walitoa kitabu baada ya kuwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200. Waliwauliza ni lini waliifurahia kazi yao na ni lini waliichukia. Majibu hayakuwa pande mbili za jambo moja. Watu waliichukia kazi kwa sababu ya mshahara mdogo, usimamizi mbaya, taratibu za ovyo na mazingira magumu. Lakini walipoeleza siku za furaha, walizungumzia zaidi kazi yenyewe, mafanikio, kutambuliwa, kupewa dhamana na kusonga mbele. Kwa maneno mengine, nyumba nzuri na mshahara unaofika kwa wakati vinaondoa manung’uniko, nayo ni hatua kubwa. Ili mtu apende kubaki, aone pia kwamba kazi yake inaonekana na inampeleka mahali.

Mtafiti mwingine, Robert Karasek, akaongeza jambo mwaka 1979. Alionyesha kwamba kazi inayomuumiza mtu zaidi ni ile yenye madai makubwa huku mwenye kuifanya hana sauti. Fikirini nesi wetu. Dawa zikikosekana analaumiwa yeye, ingawa hazitengenezi wala hazigawi. Fomu mpya ikiletwa hakuulizwa kama ya zamani iondolewe. Kila amri inashuka kwake, na la kwake halipandi.

Je, hakuna mahali palipofaulu? Papo, na si mbali. Hospitali ya Haydom, katika wilaya hiyo hiyo ya Mbulu, ilifunguliwa mwaka 1955, wakati ambapo kufika huko kulikuwa safari ya kweli. Familia moja ya madaktari kutoka Norway, baba na kisha mwanawe, iliiongoza kwa miongo kadhaa. Hawakuwa peke yao: palikuwa na wenzao, nyumba, na kazi iliyokua mbele ya macho yao. Pamoja na hayo hospitali ilianzisha chuo cha uuguzi pale pale, ili vijana wajifunze kazi katika mazingira watakayoyatumikia. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mapendekezo ya kuwabakiza watumishi wa afya vijijini, miongoni mwake yalikuwamo hayo: wachukue vijana waliozaliwa vijijini, vyuo vijengwe nje ya miji mikubwa, makazi yaboreshwe, na njia ya kupanda cheo iwe wazi. Hapa kwetu, taasisi aliyoianzisha Rais mstaafu Benjamin Mkapa mwaka 2006 ilijenga mamia ya nyumba za watumishi wa afya vijijini kwa hoja hiyo hiyo, kwamba mtu asiye na pa kulala hatabaki.

Sasa nifike kwenye yanayowezekana bila kusubiri mtu wa mbali.

Kwanza, mwajiri afanye ile hesabu ya saa 168. Ikiwa hana watu wanne, aseme wazi zahanati ile itatoa huduma gani usiku na ipi haitawezekana, na apange mtu wa akiba wa kuzunguka vituo ili kila aliye peke yake apate likizo yake kwa zamu. Mtu mmoja wa akiba kwa vituo kumi anaweza kuwapa wote kumi pumziko la mwezi kwa mwaka, na bado akabaki na likizo yake mwenyewe.

Pili, msimamizi anayekuja kukagua vitabu asiishie kwenye vitabu. Aulize maswali matatu: Ni nini kinachokuchosha zaidi? Ni nini ungependa kujifunza? Ni nini tukiondoe? Maswali haya aulizwe mtumishi aliyepo. Tumezoea kutafuta sababu baada ya mtu kuondoka, wakati barua imekwisha andikwa na godoro limekwisha fungwa kamba.

Tatu, kijiji. Wazee wangu wa Masieda, sikusahau swali lenu. Mnajua kusaidiana shambani tangu enzi za mababu. Nyumba ya nesi nayo ni shamba la wote. Maji na kuni visiwe mzigo wake peke yake. Awepo mlinzi wa usiku, ili binti wa watu asifungue mlango saa nane bila kujua ni nani anayebisha. Kamati ya zahanati ikutane, na dawa zikikosekana iwaeleze wananchi ukweli, badala ya kumwacha mtumishi atukanwe dirishani. Kikao cha kijiji kisisikilize mashtaka juu yake tu. Mama akijifungua salama, baba mtu arudi kusema ahsante. Hilo halina gharama.

Nne, mtumishi mwenyewe. Kijana wangu, lugha chafu kwa mgonjwa haina udhuru. Mimi niliyeuacha ujumbe wa msiba kwenye trei sina udhuru, na sijautafuta. Lakini ukijiona unaanza kuwaona watu kama namba, jua kwamba mafuta yamekwisha, na useme mapema. Mwambie mwenzako, mwambie msimamizi wako, andika. Kunyamaza kwa sababu ya fahari ndiko kulikoniharibu mimi.

Wala sisemi kila anayeondoka amekosewa. Wako wanaokwenda kusoma, wako wanaofuata wenzi wao wa ndoa, na hiyo ni haki yao. Wengine watarudi wakiwa na ujuzi mkubwa zaidi, ikiwa tuliagana nao vizuri. Tunayemzungumzia ni yule ambaye angebaki.

Mzee uliyeniuliza swali chini ya ule mti, nakujibu leo, kwa kuchelewa. Hamkumkosea nesi kwa kumchukia. Pengine sisi sote, ofisini na kijijini, tulimkosea kwa kudhani kwamba kwa kuwa taa ilikuwa bado inawaka, mafuta yalikuwamo. Akija mwingine, na atakuja, msingoje mwaka wa pili. Mwulizeni mwezi wa kwanza anaishije, na mwezi wa pili mwulizeni tena.

Nami, kama yule askari niliyemkosesha mazishi ya mama yake bado yu hai na ananisikia, namwomba radhi.

Hadi juma lijalo, ndugu wasikilizaji, nawatakia kazi njema na mapumziko ya haki.